Kisasi Twaweza Kukisamehe, Kicheko Je?

Kisa chenyewe ni cha mahamri. Majengo, hapa Mombasa, kuna mama mmoja ambaye mahamri yake na mbaazi za nazi hupangiwa foleni tangu watu watoke swala ya alfajiri. Kuna wakati jirani yake alimzushia maneno: ati unga anaoutumia ni ule ulionyeshewa bandarini ukauzwa kwa bei ya kutupa, na mafuta anakaangia yale yale wiki nzima. Ulikuwa uongo mtupu, lakini wateja wakapungua, na kwa miezi kadhaa mama akawa anakanda nusu ya unga aliozoea. Hakugombana na mtu. Jirani alipofika kuozesha binti, aidha alikuwa kasahau au kajisahaulisha, akaja kuagiza mahamri 400 ya chai ya wageni waliokuwa wanatoka Lamu. Mama akakubali. Bei akapunguza, hata arubuni hakutaka. Asubuhi ya siku yenyewe simu imezimwa, jiko halikuwashwa, na wageni wa Lamu wakaamkia chai ya rangi bila kitafunio.

Kisa hiki nilikisikia barazani, Mji wa Kale, kikombe cha kahawa tungu mkononi, na waliokisikiliza walinivutia kuliko kisa chenyewe. "Haki yake!" alisema mmoja kabla msimulizi hajamaliza. Mzee mmoja asiyependa maneno mengi akasema, "Dawa ya moto ni moto," akapuliza kahawa yake. Hakuna aliyemlaumu mama. Kisha msimulizi akakumbuka kipande alichokiruka: asubuhi ile mama alitoa kiti nje, akajitanda leso mpya, akakaa mlangoni akinywa chai yake pole pole, na kila mgeni aliyepita na uso wa njaa alichekewa kicheko cha kusikika mtaa wa pili.

Baraza likanyamaza kidogo.

"Aa, yakhe, hapo kazidi," akasema yule yule wa haki yake.

Nimelibeba neno hilo, *kazidi*, kwa siku nyingi. Amezidi nini? Mahamri hayakupungua tena, yalikuwa sifuri kabla ya kicheko na sifuri baada yake. Njaa ya wageni haikuongezeka. Aibu ya jirani labda iliongezeka kidogo, lakini yule bwana hakuwa akipima aibu ya jirani. Alikuwa akimpima mama. Dakika moja nyuma mama alikuwa mtu aliyedhulumiwa akajilipa, na sasa alikuwa mtu wa kuogopewa. Kicheko kilihamisha deni kutoka nyumba moja kwenda nyumba ya pili.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu la haraka ni kwamba kufurahia maumivu ya mtu ni kubaya, basi. Lakini jibu hilo linaruka swali, kwa sababu tendo lenyewe lililoleta maumivu tulikuwa tumeshalipitisha kwa kura za baraza zima. Iweje kitendo kihalalike na raha yake iharamike?

Tuanzie kwenye lugha, maana Kiswahili kilishalifanyia kazi jambo hili zamani. Neno *kisasi* tumelitoa katika Kiarabu, *qisas*, ambalo katika sheria lina maana ya kulipa kwa kipimo kile kile, jino kwa jino na si jino kwa taya. Lilikuja na mizani mkononi. Midomoni mwetu limepata moto: mtu akisema fulani ana kisasi, humwazii mizani, unamwazia fulani halali usingizi. Halafu tuna vitenzi viwili vinavyosikika kama ndugu. *Kumkomesha* mtu ni kumfanya aache. *Kumkomoa* ni kumfanya aumie, aache asiache. Mama akimnyima jirani mahamri ili siku nyingine asizushe, amemkomesha. Akitoa kiti nje apate kuutazama uso wake, anamkomoa. Mtaa mzima unazijua tofauti hizo bila kamusi, na tofauti yenyewe haimo katika kitendo bali katika kile ambacho roho ilikuwa ikikitaka.

Tatizo ni kwamba roho ya mtu hatuioni. Tunaona uso. Ndiyo maana kicheko kina uzito mkubwa namna hii: ni ushahidi. Mtu akitenda kisasi na uso umekunjamana, tunaweza kujiambia kwamba amelazimika, kwamba angepata njia nyingine angeishika. Akicheka, mlango wa udhuru huo umefungwa. Na baada ya hapo kila mmoja wetu, hata kama hasemi, anajiuliza jambo la ubinafsi kabisa: huyu akipata raha hivi kwa adui yake, mimi nikimkosea kwa bahati mbaya itakuwaje? Atakoma wapi? Anayetenda jambo kwa uchungu ana sababu ya kuacha uchungu ukiisha. Anayelitenda kwa utamu hana.

Watafiti wa saikolojia nao wamekutana na jambo hili. Mwaka 2016 Dena Gromet, Geoffrey Goodwin na Rebecca Goodman walichapisha utafiti kuhusu namna watu wanavyomwona mtu anayefurahia maumivu ya mwingine. Walikuta kwamba furaha hiyo peke yake, hata kwa mtu ambaye hakuyasababisha maumivu, yaani mtazamaji tu aliyeona raha, ilitosha kumfanya aonekane mbaya zaidi, hata kuitwa mwovu. Fikiria maana yake. Mikono yake ni safi, na bado anahukumiwa. Hukumu zetu za maadili hazipimi madhara tu, zinapima mtu ni wa namna gani, na raha ni dirisha ambalo tunadhani halidanganyi.

Nasema *tunadhani*, maana hapo ndipo ninapotofautiana na baraza. Dirisha hilo lina vioo vitatu na sisi huviona kimoja.

Mwaka 2004 Dominique de Quervain na wenzake, mjini Zurich, waliwachezesha watu mchezo wa pesa huku wakipiga picha za ubongo wao. Mchezaji anamwamini mwenzake kwa fedha, mwenzake anaweza kurudisha sehemu yake au kuzila zote. Aliyeliwa fedha anapewa nafasi ya kumwadhibu aliyemlia, wakati mwingine kwa gharama yake mwenyewe. Watu walipokuwa wakiamua kuadhibu, adhabu ya kweli na si ya maneno, sehemu ya ubongo inayoitwa striatamu ilichangamka, sehemu ile ile inayohusika na kutazamia kitu kizuri. Waliochangamka zaidi ndio waliokuwa tayari kulipia zaidi. Kwa hiyo utamu wa kisasi si hadithi ya wenye roho mbaya. Umo ndani ya watu wa kawaida waliodhulumiwa katika mchezo wa kimaabara, kwa visenti.

Lakini soma vizuri: ubongo ulipigwa picha wakati wa *kuamua*. Hiyo ni harufu ya pilau, si pilau. Miaka minne baadaye, mwaka 2008, Kevin Carlsmith, Timothy Wilson na Daniel Gilbert waliuliza kuhusu sahani yenyewe. Waliwaweka watu katika mchezo wa kundi ambamo mmoja anawasaliti wenzake, kisha baadhi wakapewa nafasi ya kumwadhibu na wengine hawakupewa. Walioombwa kutabiri walidhani kwamba anayeadhibu angejisikia vizuri. Walioadhibu wakajisikia vibaya kuliko wale ambao hawakupata nafasi, na waliendelea kumfikiria yule msaliti kwa muda mrefu zaidi. Asiyeweza kulipiza analazimika kulifanya jambo kuwa dogo, anasema si kitu, anaenda zake. Aliyelipiza amelifanya kubwa kwa mkono wake mwenyewe, sasa atalitupa wapi?

Basi kioo cha kwanza ni hicho: raha ya kutazamia, ambayo karibu kila mtu aliyeumizwa anayo, na ambayo mara nyingi haifiki mwisho wa safari. Ukimkuta mtu anaota kisasi huku akitabasamu usiharakishe kumwita shetani. Labda ni tabasamu lake la mwisho katika jambo hilo.

Kioo cha pili kimefanyiwa kazi na Mario Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, pamoja na wenzake. Wao waliuliza: mlipizaji anaridhika kwa kumwona mkosaji akiumia, au kwa kitu kingine? Katika majaribio yao kuridhika kulikuja hasa pale mkosaji alipoonyesha kwamba ameelewa, kwamba yaliyompata ni kwa sababu ya alichokitenda. Akiumia bila kujua kwa nini, mlipizaji habaki na kitu cha maana. Ujumbe ndio ulio mtamu. Hapa pwani hatuhitaji kufundishwa hilo. Nani hajamsikia mtu akisema, "Sitaki kitu kwake, nataka ajue tu"? Huyo anataka rekodi isahihishwe: kwamba aliyenidharau aone kwamba mimi si wa kudharauliwa. Ni raha ya kurudishiwa heshima, na kwa macho yangu haina uovu mwingi ndani yake. Mama wa mahamri kukaa mlangoni kunaweza kuwa hiyo. Alitaka kuonekana. Kama angebaki ndani, jirani angejiambia kwamba mtu kapata dharura, na ujumbe usingefika.

Kioo cha tatu ndicho ambacho baraza lilikiona peke yake: raha ya maumivu yenyewe, inayoongezeka maumivu yakiongezeka, isiyojali kama mkosaji ameelewa au la. Hiyo ipo, tusidanganyane. Kuna watu wanaopokea kosa dogo kama zawadi, kwa sababu limewapa kibali. Utawajua kwa kuwa hawana haraka ya kumaliza.

Kwa nje vioo vyote vitatu ni kicheko kimoja.

Wanafalsafa wamejaribu kupitisha uzio hapa. Robert Nozick, Mmarekani, mwaka 1981 alieleza tofauti kati ya kisasi na adhabu ya haki, na moja ya alama alizoziweka ni hii ya hisia: mwenye kisasi anapata raha katika kuteseka kwa mwenzake, lakini anayetoa adhabu ya haki ama hana hisia yoyote maalumu ama anafurahia kitu tofauti, kwamba haki imetendeka. Ni uzio mzuri ukiusoma kitabuni. Barazani hauzuii mbuzi. Hebu nitafutie mtu aliyefurahia haki kutendeka juu ya mwizi wa pikipiki yake, ambaye hakufurahia hata tone kumwona mwizi mwenyewe ndani ya karandinga. Raha hizo mbili hunywa kikombe kimoja.

Jambo jingine katika maelezo yale yale linafafanua mengi: kisasi ni cha mtu binafsi, adhabu ya haki haihitaji uhusiano wowote na aliyekosewa. Mwaka 2016 Jillian Jordan na wenzake walionyesha kwamba mtu anayekubali kupata hasara ili amwadhibu mkosaji wa *mtu mwingine* huaminiwa zaidi na wanaomtazama. Tunampenda mwadhibu ambaye mfuko wake haumo. Mama angenyima mahamri kwa ajili ya jirani wa tatu aliyezushiwa, huenda hata kicheko chake tungekiita ujasiri.

Mahakamani nako kuna kivuli cha haya yote. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 207, inaruhusu mauaji ya makusudi yashushwe kuwa ya bila kukusudia ikiwa mtu alichokozwa ghafla na akatenda kabla hasira haijapoa. Sheria haimsifu mwenye hasira, inamwona kama mtu aliyezidiwa. Aliyesubiri hasira ipoe kisha akatenda hana nafasi hiyo. Na tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi katika kesi ya Francis Muruatetu, ikaondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa muuaji, iliorodhesha mambo ya kuangaliwa kabla ya kupima adhabu: umri, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, na miongoni mwayo, majuto. Majuto ndiyo upande wa pili wa kicheko. Hakimu naye anatazama uso, kama baraza, tofauti ni kwamba yeye ana mawakili wa kumkumbusha kwamba nyuso huigizwa.

Na kuigiza ndiko kunakonipeleka Ngomeni.

Ukitaka kuona furaha ya kisasi iliyochongwa katika jiwe, nenda Fort Jesus, simama mlangoni, inua macho. Watalii wengi hupita chini yake wakitafuta tiketi. Lakini hadithi haianzi na jiwe. Inaanza mwaka 1614, sultani Hasan bin Ahmad alipogombana na nahodha Mreno wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko kwa njama za Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India. Mwanawe, Yusuf, alikuwa mtoto. Naye akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme aliyewekwa na Wareno juu ya watu wa baba yake. Kuna habari kwamba alionekana akisali kwenye kaburi la babake kwa dini ya babake. Mwezi Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kisu nahodha Pedro Leitão de Gamboa, na katika siku zilizofuata Wareno na Wakristo wa mjini waliuawa, kwa mamia pamoja na Waafrika waliokuwa wamebatizwa, wanawake na watoto wamo. Kanisa linawakumbuka kama mashahidi wa Mombasa.

Je, Yusuf alicheka? Hakuna ajuaye. Na bado karibu kila aliyemwandika amemchorea uso. Kwa Wareno ni jeuri aliyekunywa damu kwa furaha. Wanaomtazama kama mwana aliyemlilia babake humchora na macho mazito, mtu aliyebeba kichwa cha mzee wake moyoni miaka 17. Nikisoma pande zote mbili naona jambo ambalo maabara hazijaligusa vya kutosha: mara nyingi hatuoni furaha kwanza tukahukumu baadaye. Tunahukumu, kisha tunamtafutia mtu wetu uso unaofaa hukumu. Adui yetu akilipiza, *anafurahia*. Wa kwetu akilipiza, *roho yake imepoa*.

Sasa rudi kwenye jiwe. Wareno walileta jeshi kutoka Goa mwanzoni mwa 1632 wakashindwa kuitwaa ngome. Yusuf mwenyewe akaiacha baadaye mwaka huo huo, akaingia baharini kuwa haramia, na Wareno wakarudi wakaikuta tupu. Nahodha aliyekuja kuitengeneza, Francisco de Seixas de Cabreira, aliandikiwa maneno juu ya mlango. Yanasema kwamba mwaka 1635, akiwa na umri wa miaka 27, alifanywa nahodha wa ngome hii. Kwamba aliwatiisha watu wa pwani walioasi chini ya mfalme wao jeuri. Kwamba yeye mwenyewe aliishushia Pate na Siyu adhabu ambayo haijapata kuonekana katika Uhindi wa Wareno, hata kuta zikabomolewa. Kwamba Pemba aliwaua magavana waasi na wakuu wa mji kwa uamuzi wake mwenyewe. Halafu, bila kupumua, jiwe linaorodhesha malipo: cheo katika nyumba ya mfalme, posho ya kila mwaka, ugavana wa sehemu nyingine huko mbele.

Hicho ndicho kicheko cha mama wa mahamri kilichoandikwa kwa patasi. Ameweka kiti nje. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na serikali nyuma yake, kwa hiyo hatukuambiwa kwamba kazidi, tuliambiwa kwamba ametumikia. Mimi husimama pale mara kwa mara nikiwa na wageni, na nakiri kwamba maandishi yale huniudhi kuliko mizinga iliyomo ndani. Mizinga haijisifu.

Dini zetu za hapa, upande wa msikiti na upande wa kanisa, zimeliona hili kwa namna zinazofanana kiasi cha kushangaza. Qur'ani haikatazi kulipa. Surat An-Nahl aya ya 126 inasema mkilipiza basi iwe sawa na mlivyotendewa, kisha inaongeza kwamba kusubiri ni bora. Ash-Shura aya ya 40 nayo inakiita kisasi chenyewe ubaya mfano wa ubaya wa kwanza, na anayesamehe na kusuluhisha malipo yake yako kwa Mungu. Kipimo kimeruhusiwa. Lakini kwenye kicheko lugha inabadilika. Katika dua za Mtume zilizopokewa na Bukhari na Muslim kuna kujikinga na furaha ya maadui, na Tirmidhi amepokea hadithi inayoonya usionyeshe furaha kwa msiba wa ndugu yako, asije Mungu akamrehemu yeye akakutia mtihanini wewe. Ukifungua Mithali 24, aya ya 17 na 18, unaambiwa usifurahi adui yako akianguka, Mungu asije akaona, akachukizwa, akaiondoa hasira yake kwa huyo adui.

Angalia ujanja wa maonyo yote mawili. Hayakuambii kwamba adui hakustahili. Yanakuambia kwamba ukicheka utamwokoa! Deni lake litafutwa na lako litaandikwa. Ni hesabu ile ile ya baraza, kicheko kinahamisha deni. Hapo naukumbuka ule usemi wetu wa mwenzako akinyolewa wewe tia maji, ambao watu huutumia kama onyo la kujiandaa, lakini ndani yake umo pia ukumbusho kwamba asiyetia maji ni yule aliyekuwa akicheka kinyozi akifanya kazi.

Kwa kuwa kicheko kina gharama hiyo, watu wa pwani tulibuni njia za kucheka bila kuonekana tunacheka. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Nenda Biashara Street, maduka ya leso, hasa lile la Mali ya Abdulla ambalo limekuwapo tangu 1887. Hakuna mama anayenunua leso kwa rangi tu. Anasoma jina. Anakunjua, anasoma, anakunja, anaomba nyingine, muuzaji mwenye uzoefu hata haulizi. *Mungu si Athumani.* *Hasidi hana sababu.* *Malipo duniani, akhera hesabu.* Akijitanda hiyo ya mwisho akapita mbele ya mlango wa mtu aliyefilisika juzi, amefanya nini? Hajasema neno. Ukimuuliza atakujibu kwamba alipenda ua. Ujumbe umefika, heshima imerudi, na raha imefunikwa vizuri kiasi kwamba hakuna baraza la kuweza kuitolea hukumu. Kile kioo cha pili, kueleweka, kimepatikana bila kukionyesha cha tatu.

Hapo zamani mambo yalikuwa wazi zaidi. Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Ibinaal Watan na Banu Saada kwa mfano, vilishindana kwa karamu na mavazi na kwa nyimbo za kuumbuana. Siri ya mtu ilitungiwa shairi ikaimbwa mbele ya kadamnasi, na walioimba walifurahi, hakuna aliyejificha. Lakini ilikuwa ngoma. Ina siku yake, ina zamu, na aliyeimbwa leo anajua kesho ni zamu yake kuimba. Furaha iliyowekewa mipaka ya mchezo ilivumilika, kwa sababu swali letu lile la *atakoma wapi* lilikuwa limeshajibiwa: atakoma ngoma ikivunjika. Kicheko cha mama mlangoni hakikuwa na ngoma ya kukivunja.

Kuna kitu kingine ambacho pale barazani hakuna aliyekigusa, nami nilikuwa mmoja wao. Msimulizi alipofika kwenye simu iliyozimwa, sote tulicheka. Yule wa haki yake alipiga paja. Mzee wa kahawa alitabasamu ndani ya kikombe. Tuliuona uso wa jirani kwa macho ya ndani, tukapata raha yetu, ya bure, hatukutoa hata unga. Kisha mama alipofanya lile lile tulilolifanya, tukasema kazidi. Mkuki kwa nguruwe. Nadhani ukali wetu juu yake ulikuwa na haraka ya mtu anayetaka kuosha mikono yake kwa maji ya mwenzake.

Wiki chache baadaye nilikuwa na safari ya Majengo nikapita kununua mahamri. Foleni ilikuwa imekwisha, mama anafuta karai. Nilimuuliza, kwa adabu niliyoweza, kama ni kweli alicheka siku ile.

"Nilicheka," akasema, hakusita. "Mwanangu, miezi mitano nalala na deni la unga. Nilicheka sana."

Akaendelea kufuta.

"Kisha nikawaona wale watoto wa wageni wametoka dukani, wamekaa pale kwenye ngazi, wanakula boflo kavu. Mmoja alikuwa ananitazama. Nikaingiza kiti ndani."

Akanifungia mahamri yangu kumi kwenye gazeti, akaniuliza kama nataka na mbaazi.